Ndiyo ya Somoe

Temeke, Jumapili alasiri

Mwanangu Danieli,

Umekwenda Pugu kumuaga shangazi yako, na kwa ninavyomjua hatakuachilia kabla hujala mara mbili, kwa hiyo nina nafasi ya kutosha. Mama yako yuko uani anapiga pasi mashati yako kana kwamba Gavana mwenyewe ndiye atakayeyavaa. Mambo ya chandarua, kwinini, maji ya kuchemsha na wasichana wa Lindi amekwisha kukuambia yeye, na kesho gatini atakuambia tena, kwa hiyo mimi siyagusi. Nina jambo moja tu. Limenikaa kooni tangu wewe ukiwa unatambaa.

Nilitaka kukuambia kwa mdomo. Wiki hii nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili nimeishia kukuuliza kama viatu vipya vinakubana. Zaidi ya miaka ishirini nimesimama kortini nikisema maneno ya watu wengine. Ya mwizi nimeyasema, ya hakimu nimeyasema, ya mjane nimeyasema mpaka machozi yakanilenga mimi wakati mwenyewe macho makavu. Yangu mwenyewe yananishinda. Basi nimeona niyaandike, na wewe uyasome melini, mahali ambapo hutaweza kugeuka na kurudi kuniuliza.

Nianze na Alhamisi. Baada ya chakula uliniomba nikupime. Ulikuwa umeshika daftari langu la zamani, lile la jalada la buluu ambalo mende wamelitafuna pembeni, ambamo niliandika maneno ya korti kwa safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia. Ukayataja yote bila kukwama. "Witness", shahidi. "Oath", kiapo. "Statement", maelezo ya shahidi yaliyoandikwa. "Hearsay", maneno ya kusikia kwa watu, ambayo korti haiyataki hata yakiwa ya kweli. Hata "deponent", yule mtoa maelezo, neno ambalo mimi lilinichukua wiki nzima kulizoesha ulimi, wewe ulilitamka kama jina la rafiki yako. Mama yako akapiga makofi.

Kisha nikasema tufanye mchezo: mimi afisa, mama yako shahidi, wewe mkalimani. Nikauliza kwa Kiingereza swali lenye maana ya, hukumwona mtu huyu sokoni? Ukamgeukia mama yako, ukalisema swali kwa Kiswahili kizuri kabisa. Mama yako akajibu, "Ndiyo." Nawe ukanigeukia, kidevu juu, ukasema, "Yes, sir."

Nikasema inatosha kwa leo, nikatoka nje. Mlidhani nimechoka. Nilikwenda kusimama nyuma ya choo, mwanangu, kwa sababu ile ilikuwa sauti yangu mwenyewe, ya ujana wangu, na ilikuwa imesema kosa lile lile. Mama yako alisema hakumwona mtu yule. Wewe ukamwambia afisa kwamba alimwona. Na hukujua, wala yeye hakujua, na afisa asiyejua Kiswahili angeandika na kugeuza ukurasa.

Sasa nikueleze mimi nilivyolifanya, tena si mchezoni.

Nilikuja mji huu kutoka Muheza nikiwa na Kiingereza cha shule ya misheni na shati moja jeupe. Wakati huo huku Temeke kulikuwa na mashamba ya mihogo na nyumba za kuhesabu kwa vidole. Nikapata kazi ya mkalimani wa majaribio. Karani mkuu wa pale alikuwa na kitabu kinene cha sheria, akiniruhusu kukisoma saa ya chakula cha mchana, na humo ndimo nilimotoa maneno ya lile daftari. Nilikuwa nakwenda kazini kwa miguu, nikiyakariri kwa sauti njia nzima. Wanawake walioinama mashambani walikuwa wakinyanyuka kunitazama na kucheka. Kwa kuwa katikati ya maneno hayo nilikuwa nikijizoeza pia kumjibu bwana, "Yes, sir", na hilo ndilo walilolishika zaidi, wakanipachika jina la Bwana Yesi.

Wewe ulipokuwa darasa la pili ulirudi nyumbani siku moja shati limechanika kwa kulipigania jina hilo. Nikakuambia jina halimchubui mtu. Nilikudanganya. Lilikuwa linanichubua kila siku, ila si kwa sababu uliyoidhania wewe.

Fundi Athumani unamjua. Kitanda unacholalia ni kazi ya mikono yake, na hilo sanduku jipya utakalosafiri nalo kesho, ambalo ulikuwa ukilisubiri kwa hamu, ni yeye anayelimalizia. Tangu ukiwa mdogo umekuwa ukiniuliza kwa nini nampa shikamoo mtu ninayemzidi miaka isiyopungua saba. Mama yako anaamini ni utani tu. Naye Athumani hajaitikia hata siku moja. Hucheka, husema, "Mzee Elia, unaniongezea umri bure," kisha huniuliza habari za nyumbani. Leo nakujibu swali lako.

Mwaka ule wewe ulipoanza kutambaa, Athumani alikuwa kijana aliyetoka kusini, upande wa Lindi, anafanya kazi kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja wa mbao. Alikuwa na mke, Somoe, binti wa kwao kule kule Mingoyo, na Somoe alikuwa na mimba ya kwanza, kubwa. Siku moja zikapotea mbao za mninga ghalani. Mtu mmoja akadai alimwona Athumani asubuhi hiyo akiwa amezibeba begani. Athumani akasema siku ile alikuwa amelala kwake, homa imemshika, hata mlangoni hakutoka. Wa kuthibitisha hayo alikuwa mmoja tu, mke wake.

Lakini Somoe alikuwa anasafirishwa kwao kwenda kujifungulia kwa mama yake, kama ilivyo desturi kwa mimba ya kwanza, na meli ya Lindi ilikuwa inaondoka kabla ya siku ya kesi. Ikaamuliwa maelezo yake yachukuliwe mapema, yaandikwe, aweke dole gumba, yaje yasomwe kortini kwa niaba yake. Nikaitwa mimi kukalimani.

Nakumbuka chumba kile kuliko ninavyokumbuka siku ya harusi yangu. Joto, mbu mchana, afisa wa Kizungu amelegeza kola na saa yake ameiweka mezani mbele yake. Somoe akaingia amejifunga khanga mbili, anatembea kwa kujishika kiuno. Alikuwa msichana tu. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, haya maneno yangu yatafika vizuri huko?"

Nikamwambia, "Yatafika kama yalivyo, dada."

Afisa akauliza kama walivyozoea kuuliza, kwa kukanusha. Nikageuza: mume wako hakutoka nyumbani siku ile? Somoe akasema ndiyo. Nami nikasema "Yes". Akauliza tena, nikageuza tena: wala hakuleta mbao nyumbani? Somoe akasema, ndiyo, bwana. Nami nikasema "Yes, sir". Ndivyo ilivyokuwa, maswali mawili, majibu mawili. Alipokuwa akijibu alikuwa anatikisa kichwa kukataa. Niliona kwa pembe ya jicho, lakini sikumtazama usoni. Nilikuwa natazama kalamu ya Mzungu, jinsi ilivyokuwa ikifuata mdomo wangu, na moyo wangu ulikuwa umejaa fahari kwamba maneno yangu yanaandikwa na mtu kama yule.

Imenichukua miaka kulipatia maelezo jambo hili, na sijalikuta katika kitabu chochote. Sisi tukisema ndiyo tunamjibu mtu aliyeuliza. Tunamwambia, umesema sawa. Ukisema hakutoka, mimi nikasema ndiyo, maana yake kweli hakutoka. Wao wakisema "yes" hawamjibu mtu, wanalijibu jambo lenyewe: jambo hilo lilikuwapo, mtu alitoka. Kwa hiyo ndiyo ya Somoe ilitoka kinywani mwake ikimtetea mumewe, ikapita kwenye ulimi wangu, ikatua kwenye karatasi ikimshitaki. Na katika daftari langu lote, lenye maneno zaidi ya mia nne, "yes" halimo. Sikuona haja ya kuliandika. Nani asiyelijua?

Hapo bado nilikuwa na njia ya kutokea, Danieli, na hili ndilo linaloniuma zaidi ya lile la kwanza. Kosa la ulimi ni la binadamu. La pili nililifanya macho yakiwa wazi.

Afisa alipomaliza alinisukumia karatasi nimsomee shahidi kabla ya kuweka dole, kama sheria inavyotaka. Nikaishika. Nikatazama. Sikuweza kuisoma. Kiingereza nilikuwa nacho, lakini nilifundishwa herufi za chapa, zile za kitabuni, na mwandiko wa yule bwana ulikuwa wa kukimbia, herufi zimelaliana na kushikana mikia. Nilitambua neno moja hapa, neno moja pale. Ningesema tu, bwana, mwandiko huu unanishinda, tafadhali nisomee. Maneno machache tu. Angekunja uso, labda angeguna, na angesoma, nami ningesikia "he left", yaani alitoka, na ningeshituka palepale. Lakini nilikuwa kwenye majaribio, na mtaani nilikuwa nimejigamba kwamba hakuna karatasi ya Kizungu nisiyoiweza. Nikaona haya. Basi nikapitisha macho juu mpaka chini, nikichezesha midomo kidogo kama mtu anayesoma, kisha nikamsogezea Somoe kidau cha wino. Nikamwambia, "Weka dole hapa, dada. Ni yale yale uliyosema."

Akaweka. Na mimi chini yake nikaandika kwa herufi zangu nzuri za chapa ile sentensi ya mwisho wa daftari ambayo wewe Alhamisi uliisema kwa madaha makubwa, kwamba maelezo haya yamesomwa na kuelezwa kwa shahidi kwa Kiswahili, naye amekubali kuwa ni sahihi. Nikatia saini. Nilikuwa nimeikariri sentensi ile njiani kwa muda wa mwezi mzima, nikiomba siku ifike ya kuiandika.

Siku ya kesi karatasi ilikuja imepigwa taipu. Herufi za chapa, moja moja, safi. Hakimu akanipa niitafsiri kwa sauti ili mshitakiwa asikie. Athumani alikuwa kizimbani, amekonda, na aliposikia kwamba yanayosomwa ni maelezo ya mkewe akanyoosha mgongo na akanitazama kama mtu anayeletewa maji. Nikaanza kusoma kimya mstari wa kwanza kabla ya kuutafsiri. Mume wangu alitoka nyumbani asubuhi ile. Alirudi na mbao.

Nilinyamaza kwa muda ambao hakimu aliuona. Akaniuliza kama kuna tatizo. Nikasema, "No, sir." Hapana hiyo sikuikosea hata kidogo.

Kisha nikatafsiri, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Nimefanya kazi hii miaka yote hii na sijapata kutafsiri vizuri kama siku ile. Athumani hakupiga kelele. Aliomba kuuliza swali moja, nami nikaligeuza: je, ni kweli hayo kayasema Somoe? Hakimu akamwonyesha alama ya dole. Akaniamuru nimweleze kwamba mkalimani mwenyewe alikuwapo na ametia saini. Nikamweleza. Nilimwambia, hilo ni dole lake, na mimi nilikuwapo. Akafungwa mwaka mmoja na nusu.

Usinitafutie udhuru. Najua utataka kufanya hivyo, kwa sababu unanipenda. Utasema nilikuwa kijana, nilikuwa na mtoto mchanga nyumbani, ningefukuzwa kazi. Kufukuzwa nilikuogopa, kweli, lakini si ndiko kulikonifunga mdomo. Kilichonifunga ni kwamba ningelazimika kusema mbele ya watu kwamba nilitia saini karatasi nisiyoweza kuisoma. Ningekuwa Bwana Yesi kweli. Mtu alipelekwa gerezani ili mimi nisichekwe.

Na bado haijaisha. Kabla hawajampeleka, Athumani aliniita kutoka mahabusu. Nilidhani amegundua, na nakuapia nilishukuru. Lakini hakujua lolote. Alitaka mtu mwenye kalamu. Alitaka kumwandikia Somoe talaka. Alisema hataki mtoto azaliwe akiwa bado ni mume wa mwanamke aliyemwekea dole. Nikaiandika, mwanangu. Nilikuwa wiki hiyo nimeanza kujifundisha mwandiko wa kukimbia, kwa aibu ya yaliyonipata, na barua ile ya talaka ndiyo barua ya kwanza niliyoiandika kwa mwandiko huo. Nikampa msafiri wa Lindi aipeleke.

Somoe alituma watu mara mbili kusema kwamba hakusema vile. Athumani akamrudishia jibu kwamba maneno yake ameyasikia yakisomwa mbele ya hakimu na dole lake ameliona kwa macho. Baada ya hapo akawakataza watu wa kwao wasimtajie tena jina lake wala habari za mtoto. Wakamtii. Alipotoka gerezani akajenga kibanda chake cha useremala hapa Temeke, na hakuoa tena. Ukimgusia jambo la kuoa husema kwa kicheko kwamba yeye na madole ya wanawake wamekwisha kuachana.

Mimi nikawa mkalimani mwangalifu. Utasikia nikisifiwa kwa hilo, hata Lindi huenda wamesikia. Swali likija kwa kukanusha, mimi huligawa mara mbili, alitoka au hakutoka, na simwachi shahidi mpaka anipe kitendo chenyewe. Sitafsiri ndiyo iliyo tupu. Maafisa wengine hukereka, na mmoja aliwahi kuniita mkalimani mwenye kigugumizi. Kila niliposifiwa nilikwenda kwa Athumani siku iliyofuata, nikampa shikamoo, nikaagiza kiti au rafu nisiyoihitaji. Mama yako hulalamika kwamba nyumba hii ina viti kuliko makalio. Sasa unajua.

Nilidhani nitakufa nayo. Kisha ukapata kazi, na barua ikaja kwamba umepangiwa Lindi, kati ya miji yote ya nchi hii. Hata hapo nikajikaza. Lakini Alhamisi ulipomgeuzia mama yako ndiyo yake, nikajua nisipokuambia nitakuwa nimeliacha kosa lile liende kazini likiwa limevaa mashati ya kupigwa pasi.

Basi leo, baada ya ibada, nilimwambia mama yako atangulie nyumbani, nikaenda kwa Athumani. Alikuwa anapiga msasa kifuniko cha sanduku lako. Nikamweleza yote, tangu mwanzo, nimesimama, kofia mkononi. Hakuinua kichwa. Aliendelea kupiga msasa, nikadhani labda hajanisikia, nikaanza upya. Akanikatiza.

"Alisema nini hasa? Mie nataka neno lake, siyo la kwenu."

"Alisema ndiyo."

"Ndiyo ipi?"

Miaka yote hii, mwanangu, mahakimu na maafisa nimewatumikia, na hakuna hata mmoja aliyepata kuuliza swali hilo. Nikamjibu, "Ndiyo ya hakutoka. Tena alikuwa anatikisa kichwa."

Akauweka msasa chini. Akakaa juu ya sanduku lako mpaka vumbi la mbao likatulia. Baadaye akasema, si kwangu hasa, kwamba siku ile ya homa Somoe alimkanda kutwa nzima, tumbo lile kubwa, na kila akimwambia apumzike alikataa. Halafu akaniuliza, "Alizaa nini?"

Nikasema sijui.

"Hata mie sijui," akasema. "Nilikuwaga nawakataza wasiniambie."

Hakunipiga. Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote mawili, na kutoyapata kulinielemea zaidi. Akaniuliza kama ni kweli kijana wangu anakwenda Lindi. Nilitaka kusema ndiyo, neno likanikwama, nikasema, anakwenda. Akasema, "Basi amtafute."

Nikajiondokea. Mlangoni, kwa mazoea, nikageuka nikasema, "Shikamoo." Hakucheka. Alinitazama moja kwa moja usoni.

"Marahaba," akasema.

Muda wote huu nimekuwa nikilitaka jibu hilo, nikiamini siku nitakapolipata nitapumua. Nilitembea mpaka nyumbani bila kuona njia. Nilikuwa nampa heshima kama zawadi, kumbe ilikuwa haki yake, na leo ameipokea kama mtu anayepokea mali yake iliyokuwa kwa mwizi.

Sasa sikiliza ninachokuomba. Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi nyingine. Ni maelezo yangu, nimeyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za chapa, na nimetia saini. Nakala yake nitampelekea hakimu kesho, meli yenu ikishaondoka, nitoke gatini moja kwa moja mpaka ofisini kwake. Sijui atanifanya nini. Huenda nikapoteza kazi, huenda na zaidi ya kazi. Mama yako nitamwambia kesho mchana, na hilo naliogopa kuliko la hakimu. Huenda pia habari zikakufikia Lindi, ukaonekana mtoto wa mkalimani mwongo kabla hujafungua kinywa kortini. Nimelifikiria hilo. Limeninyima usingizi siku tatu. Nisamehe, kwa sababu nitalifanya hata hivyo.

Ukifika, siku ya kwanza utakayopata nafasi, nenda Mingoyo. Ulizia Somoe, binti aliyeachwa na seremala wa Dar es Salaam. Mji si mkubwa, watamjua. Ukimkuta ameolewa, zungumza na mumewe kwanza, kwa adabu, umweleze kilichokuleta. Ukimkuta amekufa, mtafute huyo mtoto, ambaye sasa ni mtu mzima wa rika lako. Mpe shikamoo Somoe, jitambulishe kwa jina langu bila kulificha, kisha msomee karatasi.

Isome yote. Usiruke mahali panaponiaibisha. Msomee polepole, na umtazame yeye, usitazame karatasi, maana utakuwa umeshaijua kwa moyo. Ukimaliza usimwulize, hujaelewa? Mwulize, umeelewa? Halafu mwambie Athumani anauliza, alizaa nini. Liseme hivyo hivyo, maneno mawili, usilipambe, kwa sababu yeye hakulipamba.

Hiyo itakuwa kazi yako ya kwanza ya ukalimani, kabla ya hakimu yeyote hajakuita. Atakachosema kiandike palepale mbele yake na umsomee tena kabla hujaondoka, kisha niletee mimi nikipeleke kwa Athumani. Hata akitutukana, andika matusi yake kama yalivyo. Na akinyamaza, Danieli, niandikie kwamba amenyamaza. Usiniandikie ndiyo wala hapana mahali ambapo mtu hakusema kitu.

Baba yako,
Elia